AC Yako Yala Yuniti Ngapi? Maswali Yenu, Majibu ya Fundi

Kaskazi imeingia na barua zenu zote zimekuwa za AC. Mwezi huu nilikuwa nimewaahidi pampu za maji lakini hata mimi mwenyewe nalala dirisha wazi na leso mbichi kifuani, kwa hiyo pampu zingoje. Maswali mengi yazunguka jambo moja, zile lebo za nyota na herufi na namba zinazobandikwa kwenye mashine, mtu azisome vipi asije akauziwa jina. Nimechagua machache, mengine yalikuwa yafanana nikayaunganisha, na wale mlioniandikia matusi kuhusu bei za stima nimeyasoma pia, sikuyaweka.

Mtaona BTU kila mahali, hicho ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza. Kwa hesabu zote za leo nachukua yuniti moja ya stima, ndo ile kWh moja ya kwenye lebo, ni shilingi 30 ili tusisumbuane na vipointi. Wewe angalia tokeni yako ya mwisho, gawa pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata, utumie hiyo.

SWALI: Asalaam aleikum ami. Nilinunua AC ya BTU 12,000, lebo yake ina A++ na pale chini imeandikwa kWh 201 kwa mwaka. Nikapiga hesabu, 201 gawa kwa miezi 12 ni kama yuniti 17 kwa mwezi, nikaona hii ni bure kabisa nikachukua. Sasa ni mwezi na nusu tu na nikilinganisha na tokeni nilizokuwa nikinunua kabla, AC peke yake ishakula kama yuniti 200. Na mchana siiwashi, ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi basi. Dukani waniambia mita yangu ndo mbovu. Ni mita au ni AC?
Niliyeliwa, Bamburi

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mita ni nzima na AC ni nzima. Wewe umeisoma lebo kama imeandikiwa Bamburi, na haikuandikiwa Bamburi.

Lebo yenye A++ ni ya Ulaya. Kule ile namba ya kWh kwa mwaka yahesabiwa kwa saa 350 za kupoza. Saa 350 mwaka mzima! Wenzetu wale AC kwao ni kama sweta kwetu, yatolewa kabatini siku chache alafu yarudi. Sasa wewe wawasha saa 8 kila usiku, chukua 350 gawa kwa 8 wapata usiku 44. Yani mwaka mzima wa Mzungu wewe waumaliza kwa mwezi na nusu, na ukirudi kwenye barua yako ndivyo ulivyoandika mwenyewe, mwezi na nusu yuniti 200. Mashine imefanya kazi vile vile ilivyoahidi, hata muuzaji hakukudanganya kwenye lebo, alikudanganya kwenye mita tu.

Namba hiyo usiitupe, ina kazi. Igawe kwa 350 upate yuniti kwa saa moja: 201 gawa kwa 350 ni kama 0.57. Alafu zidisha kwa saa zako. Saa 8 mara usiku 30 ni saa 240, mara 0.57 wapata kama yuniti 137 kwa mwezi, karibu shilingi 4,100. Ukienda hivyo mwaka mzima bila kupumzika ni yuniti 1,600 na kitu, ingawa nakujua, kusi ikivuma hapo Julai na Agosti utaizima ufungue madirisha. Na hii bado ni makadirio, maanake lebo imepimwa na hali ya hewa yao, haijui unyevunyevu wetu wala slabu iliyopigwa jua kutwa nzima inayoendelea kutema joto saa sita za usiku.

Zile herufi nazo, kwa AC za lebo hiyo A+++ huanzia SEER 8.5, A++ huanzia 6.1, A+ ni 5.6 na A ni 5.1. SEER ni kile kipimo cha msimu mzima, baridi iliyotoka kwa stima iliyoingia. Ona vile hatua hazilingani, kutoka A hadi A++ ni pointi 1 tu, kutoka A++ hadi A+++ ni zaidi ya 2. Kwa hiyo mtu akikuomba pesa nyingi zaidi kwa sababu ya plasi moja muulize SEER yenyewe ni ngapi, isije ikawa wanunua 5.6 badala ya 5.5. Na ile ramani ndogo yenye rangi tatu usiihangaikie, ni ramani ya Ulaya na ni ya kupasha joto. Mombasa atakayewasha hita aje tumuombee dua.

SWALI: Fundi, mimi na mume wangu tumegombana dukani mbele za watu. AC ina karatasi yenye vijiti vya rangi kutoka 1 hadi 5, na yenyewe imewekwa 1. Mume wangu yuwasema 1 ni nyota moja, ndo ya chini kabisa, tusichukue. Muuzaji yuwasema 1 ndo bora kuliko zote. Tumerudi nyumbani bila AC wala kusemezana.
Mama wa Watatu, Changamwe

JIBU: Dadangu, hapo mumeo ana haki na muuzaji ana haki, kila mtu kwa nchi yake.

Lebo ya Kenya ni ya nyota, 1 hadi 5, na nyota zikiwa nyingi ndo bora. Ilikuja na kanuni za 2016 chini ya ERC, wale wasimamizi wa mambo ya stima na mafuta, ambayo sasa yaitwa EPRA, na anayeingiza AC za kuuza hapa yampasa asajili modeli yake apate hiyo lebo. India nao wahesabu nyota kama sisi. Lakini China wahesabu kama darasani, nambari 1 ndo aliyeongoza na 5 ndo aliyeburura mkia, na ile karatasi ya vijiti uliyonieleza, kama ina maandishi ya Kichina, ndo hiyo. Basi 1 yenu yaweza kuwa nzuri sana.

Ila mimi ningemuuliza yule muuzaji swali jingine: lebo ya nyota ya Kenya iko wapi? Mashine ambayo ina karatasi ya Kichina peke yake huenda ilitengenezwa iuzwe kule kule, na ikija ikiharibika utatafuta bodi yake mpaka uchoke. Sisemi ni mbovu, nasema uliza. Na mpikie mwenzio biriani, hakukosea kwa ubaya.

SWALI: Ami habari za masiku. Kuna duka Mwembe Tayari nimeona AC mbili zote BTU 12,000, zote hazina lebo ya maana, karatasi imechanika au imebanduliwa sijui. Moja imezidi nyingine bei kwa shilingi 15,000. Muuzaji yuwaniambia ya ghali "inasave stima" lakini hawezi kunionyesha ni wapi imeandikwa. Nitajuaje? Alafu nyingine nimeona mtandaoni, ya Marekani, SEER yake ni 16 na hapa kwetu naona 6, mbona twauziwa takataka?
Kijana wa Tudor

JIBU: Swali lako ndo nililokuwa nalingojea, kwa hiyo kaa kitako.

Kwanza uelewe AC yafanya nini. Haitengenezi baridi, yatoa joto lililo ndani kulipeleka nje. Fikiria dau linalovuja. Maji yaingia polepole kwenye mashimo na wewe umekaa na kata wayafua kuyarudisha baharini. Joto la Mombasa ndo hayo maji, laingia kwa dirisha, kwa slabu, kwa mlango, kwa miili yenu wenyewe, na AC ndo mfuaji. BTU zakuambia mfuaji huyu aweza kufua maji kiasi gani kwa saa. Hazikuambii yuwala sahani ngapi za wali ili afanye hiyo kazi. Sahani za wali ndo stima, na lebo zote za dunia, nyota, herufi, vijiti, zajaribu kukwambia jambo hilo moja tu, amefua maji mangapi kwa kila sahani.

Sasa hata lebo ikibanduliwa, ubavuni mwa mashine kuna kibati, au stika imara, na hicho muuzaji mara nyingi hana habari nacho. Inama usome. Tafuta uwezo wa kupoza kwa wati, kwa BTU 12,000 itakuwa kama wati 3,500. Alafu tafuta stima inayoingia kwa wati wakati wa kupoza. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Jibu ndo EER. Toa simu mfukoni ufanye hapo hapo dukani, utaona muuzaji avyokuangalia.

Tuseme ile rahisi inaingiza wati 1,250: 3,500 gawa kwa 1,250 ni 2.8. Na ile ghali inaingiza 1,000: ni 3.5. Tofauti ni wati 250. Kwa saa 8 ni yuniti 2 kama kompresa ingefanya kazi bila kupumzika, lakini chumba kikishapoa hupumzika, kwa hiyo tuchukue asilimia 60, yuniti 1.2 kwa usiku, 36 kwa mwezi, shilingi 1,080. Zile 15,000 zarudi kwa miezi 14 hivi. Mimi ningechukua ya ghali na nisingefikiria mara mbili, lakini ni kwa sababu wewe ni wa kila usiku. Angekuwa mtu wa kuwasha Ijumaa kwa Ijumaa wageni wakija, ningemwambia abaki na 15,000 zake.

Ila uwe mwangalifu na hicho kibati. Mara nyingi kina wati mbili za kuingia, moja ni ya kawaida iliyopimwa na nyingine ni ya juu kabisa, ile ambayo mashine haitapita hata ikibanwa. Ya juu kabisa ni ya fundi wa waya ajue breka gani aweke. Ukigawa kwa hiyo utaikataa mashine nzuri bure, kuna rafiki yangu mmoja alizunguka mji mzima siku mbili akasema AC zote za Mombasa ni mbovu, kumbe yuwagawa kwa namba ya breka.

Hicho kipimo cha kibati kimechukuliwa ndani nyuzi 27 na nje nyuzi 35, ni kawaida ya dunia kwa nchi kama zetu, na 35 ni zaidi kidogo ya mchana wetu wa Februari, kwa hiyo ni haki kabisa kwetu. Ukikutana na mashine zilizotengenezewa Ghuba, zile hupimwa hata kwenye nyuzi 46, zitafanya kazi hapa bila wasiwasi, lakini usilipe zaidi kwa ajili hiyo. 46 ya nini Tudor?

Na hiyo ya Marekani. Kwenye SEER Wamarekani huhesabu baridi kwa BTU na stima kwa wati, sisi na Ulaya twahesabu zote kwa wati. Ili ulinganishe gawa ya kwao kwa 3.4. Basi 16 yao yawa kama 4.7, na hata hapo wao wana msimu wao na Ulaya wana wao, haziingiani sawasawa. Hakuna takataka. Tena umeme wao ni wa hezi 60, wetu ni 50, usije ukamwambia binamu akuletee moja kwenye kontena.

SWALI: Twafunga ndoa baada ya Idi inshallah. Chumba chetu ni futi 12 kwa 12, Majengo, juu ya chumba kuna nyumba nyingine. Bwana harusi ataka AC ya BTU 24,000, yuwasema itapoza haraka alafu tuizime kwa hiyo stima itakuwa kidogo. Mimi sielewi lakini naona kubwa mno.
Biarusi Mtarajiwa

JIBU: Mashallah, na mabruki mapema. Wewe ndo una haki, tena mwambie fundi amesema.

Mafundi wengi hapa hukisia BTU 600 hadi 700 kwa kila mita mraba. Chumba chenu ni kama mita mraba 13, kwa hivyo 9,000 yatosha, hasa kwa vile juu kuna watu na si slabu ya jua. Ingekuwa ghorofa ya mwisho na dirisha laangalia machweo ningesema 12,000. Ile 24,000 yapoza sebule na jikoni na jirani.

Kubwa mno haiokoi stima, na ina ubaya ambao watu wa bara hawaujui kwa sababu hawana hewa yetu. AC hupoza na pia hukausha, ule unyevu hugeuka maji yakatoka kwa ule mpira wa nje. Kukausha kwataka muda. Mashine kubwa chumba kidogo, dakika chache yafikia nyuzi mlizoweka yakata, yawaka tena yakata, hewa haijakauka, mwajikuta mna baridi la majimaji, shuka zanata, na nguo kabatini zanuka ukungu. Alafu kila ikiwaka upya hula stima nyingi kwa kishindo. Hata nyota 5 haziwezi kukuokoa hapo, lebo hupimwa mashine ikiwa kwenye kazi yake, haipimwi ikiwa imeajiriwa kufua maji kwenye beseni.

Zibeni mashimo kwanza. Kama dirisha ni lile la vioo vya kupanga, usiku limefungwa na bado waona pazia latikisika, hapo dau lavuja. Pesa za kubadilisha dirisha au kuziba na mpira mtazipata kwa tofauti ya 24,000 na 9,000 na chenji ya vitumbua itabaki.

SWALI: Nikiweka AC nyuzi 16 si chumba chapoa upesi kuliko 24?
Bila jina, kwa simu

JIBU: La, ni sawa na kubonyeza kitufe cha lifti mara kumi. Ile ya kawaida yatoa baridi ile ile, 16 yaiambia tu isikome. Ya inveta, ile inayoweza kubadilisha mwendo, huenda ikakaza kidogo mwanzoni, lakini hata ukiweka 24 chumba kikiwa cha moto itakaza vile vile. India tangu 2020 AC mpya za vyumbani zatoka kiwandani zimewekwa 24, na wataalamu wao husema kila nyuzi moja ukipandisha waokoa kama asilimia 6. Mimi huweka 26 na feni.

SWALI: Nina nyumba 3 Nyali nazikodisha kwa wageni wa muda mfupi. Nataka kubadilisha AC zote. Kila mtu yuwaniambia inveta, inveta. Ni kweli au ni biashara? Na nimesikia bodi zake huungua na bei ya bodi ni nusu ya AC.
Mwenye Nyumba

JIBU: Ni kweli na ni biashara pia.

Ya kawaida ina mwendo mmoja, au yafua kwa nguvu zote au imelala. Inveta hupunguza mwendo, dau likiwa limebaki na maji kidogo yeye huendelea kufua taratibu bila kusimama, na mfuaji wa taratibu hula kidogo kwa kila kata. Kwa hiyo faida yake haiko kwenye lile gawanyo la kibati pekee, iko usiku wa manane chumba kimeshapoa. Ndo maana ukilinganisha EER peke yake inveta na ya kawaida zaweza kukaribiana halafu bili zikaachana mbali. Kwa inveta angalia kile kipimo cha msimu.

Kwako wewe mgeni yuwatoka ufukweni na nguo mbichi, yuwaweka 16, yuwafungua mlango wa roshani apige picha, ameacha AC yawaka ameenda kula. Inveta ikifanyiwa hivyo yakimbia mbio zote kama ile ya kawaida tu, faida yote yaenda na upepo. Ushauri wangu ni kabla ya inveta uweke swichi ya mlango, roshani ikifunguliwa AC yazima. Ni kitu kidogo cha fundi wa waya, chaokoa kuliko nyota mbili. Baadaye ndo ununue inveta, kwa vyumba vya kulala kwanza.

Kuhusu bodi ni kweli zaungua. Stima yetu yapanda yashuka, ikipotea na kurudi yaja na pigo. Weka ile gadi ya AC yenye kuchelewesha, stima ikirudi isubiri dakika chache ndo iruhusu. Mtu akinunua inveta kwa bei ile akakataa gadi kwa sababu ni elfu chache, mimi huwa nachukua spana zangu naondoka.

SWALI: AC yangu ilikuwa nzuri sana, nyota 4, mwaka wa kwanza tokeni hazikunishtua. Sasa ni mwaka wa tatu, yala stima kama imeoa, na haipozi kama zamani. Niko Likoni karibu na bahari. Fundi wangu kila mwaka yuwaniongezea gesi na kunitoza, asema ni kawaida gesi huisha. Je nyota zaweza kupungua?
Mzee wa Ufuoni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nyota kwenye lebo hazipungui, kwenye mashine zapungua. Lebo ni cheti cha siku ilipozaliwa.

Gesi haiishi. Nairudia kwa sababu nimeona wazee wengi wakitozwa kwa hili: gesi ya AC haichomwi kama ya jikoni, yazunguka tu ndani ya mabomba, ikipungua basi kuna mahali yatoka. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu yuwakuuzia maji kwenye pakacha. Na AC yenye gesi pungufu hufanya kazi muda mrefu kwa baridi kidogo, hapo ndo tokeni zako zaenda. Uliza pia gesi yenyewe ni gani, imeandikwa kwenye kibati. R32 ndo za siku hizi, R410A zilikuja kabla yake. Ikiwa ni R22 ni ya zamani ile inayokula ozoni, na chini ya mkataba wa Montreal nchi zetu zatakiwa ziwe zimefunga karibu matumizi yote kufikia 2030, kwa hiyo usimwage pesa nyingi kuifufua. Na fundi wa R32 asije na sigara mdomoni, yashika moto ile.

La pili ni chumvi. Nenda kaangalie mashine ya nje kwa nyuma, vile vibati vyembamba vya alumini. Kama vimekuwa unga mweupe au ukivigusa vyavunjika kama biskuti, joto halina pa kutokea tena na hakuna fundi atakayekurudishia nyota. Kama bado vi vizima na vimeziba tu, vioshwe kwa maji matamu, si kwa presha kali vitalala, na iwe kila miezi michache hapo ulipo. Filta ya ndani hata mjukuu aweza kuiosha kila wiki mbili. Siku utakayonunua nyingine tafuta iliyopakwa rangi ya kinga kwenye hivyo vibati, ya buluu au ya dhahabu, na uiweke upande wa nyumba usioangalia bahari hata kama bomba litakuwa refu kidogo.

Na siku ya kufunga simama hapo hapo uone kama fundi ana pampu ya kuvuta hewa. Asiyevuta hewa yote kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi amekuibia nyota moja kabla hujawasha. Mnaona pampu zimeingia tu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi niko Mji wa Kale, nyumba ya mawe ya marehemu babangu. Wajukuu wataka nitie AC chumbani, wamenionyesha picha ya moja ina nyota tano. Mimi joto lanisumbua miezi miwili tu hapo kaskazi ikizidi. Nitie?
Bibi

JIBU: Shikamoo bibi. Usitie.

Nyumba yako ina kuta za matumbawe nene kuliko mkono wangu, na dari ile ya juu hewa ya moto yapanda huko yawaacha nyie chini. Kupoza chumba cha dari ndefu hivyo kwataka mashine kubwa, na hizo boriti na madirisha ya mbao yavuja kila upande, maanake yalijengwa yavuje, upepo upite. Nyota tano zitafua bahari nzima pale.

Feni ya dari hula kama wati 70. Usiku mzima wa saa 8 ni kama nusu yuniti na kidogo, shilingi 17. AC ile ile ya nyota tano itakula hizo kabla hujamaliza sunna na witri. Waambie wajukuu wakununulie feni nzuri, waifunge isiwe juu sana na dari, ishuke na bomba refu ifike pale upepo wake utakugusa, na wafungue lile dirisha la juu ambalo najua mmelifunga kwa sababu ya kunguru, watie wavu.

Ikifika Februari na bado hulali, nitumie mtoto aje aniite, nitakuja mwenyewe niangalie hiyo dari. Mahamri na mbaazi juu yako.